Redio Yenye Masikio Isiyo na Mdomo: Mwongozo wa Kuchaji Betri za Redio kwa Sola ya Kubebeka

Diko moja la wavuvi nililowahi kufika lilikuwa na redio nzuri ya VHF, imekazwa kwa skrubu juu ya meza, taa yake ya kijani inawaka. Tuliwasikia wenzetu walioko baharini wakizungumza, sauti safi kabisa. Mlinzi wa zamu akachukua kipaza sauti ili awajibu. Alipobonyeza kitufe, taa ikazimika. Akaachia, ikawaka. Akabonyeza tena, ikazimika tena.

Nikainama chini ya meza. Palikuwa na betri ya gari iliyovimba ubavu, vichwa vyake vimeota ukungu wa kijani, na nyaya mbili kutoka kwenye paneli zimesokotwa juu yake moja kwa moja. Hapakuwa na kontrola wala fyuzi. Chumba kilinuka mayai viza. Redio ile ilibaki na masikio lakini haikuwa na mdomo: ingemsikia mvuvi anayezama, isiweze kumwitia msaada.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetunza redio ya mawasiliano, ile tuliyozoea kuiita simu ya upepo, mahali ambapo umeme wa gridi haufiki: dikoni, kwenye kambi ya askari wa wanyamapori, kwenye zahanati ya kisiwani, au porini ukiwa na redio yako ya ridhaa. Una paneli ya kukunja au ya kubeba mkononi, una betri, una redio. Kazi yetu ni kuviunganisha ili visikuunguze, na ili siku ya shida ukibonyeza kitufe, sauti itoke.

Kwanza elewa: mambo manne yanayoua betri na kuumiza watu

Paneli ya "volti 12" haitoi volti 12. Ikiwa juani bila kuunganishwa na kitu, nyingi hutoa volti 21 au 22. Ikifanya kazi, kama 18. Redio nyingi za volti 12 zimetengenezwa kwa volti 13.8, na zikizidi 16 hivi hatari huanza. Betri nayo ikipewa chaji bila kikomo huchemka, hukauka maji na kuvimba.

Betri ina nguvu kuliko paneli. Paneli ya wati 100 hutoa ampea 5 au 6 tu. Betri ya gari ikipigwa shoti humwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Volti 12 haikurushi kama umeme wa nyumbani, ndiyo maana watu huidharau, lakini spana ikigusa vichwa viwili kwa pamoja huwa nyekundu kwa joto, na pete ya kidoleni hivyo hivyo.

Betri ya maji inapochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni. Haionekani wala hainuki, na cheche ndogo huilipua. Ukisikia harufu ya mayai viza, hiyo ni gesi nyingine yenye sumu, na ni dalili kwamba betri imechajiwa kupita kiasi au imeharibika ndani.

Kuongea kunakula mara kumi ya kusikiliza. Redio ya VHF ya wati 25 ikisikiliza hutumia kama nusu ampea. Ukibonyeza kitufe hupanda hadi ampea 5 au 6. Redio ya HF ya wati 100 hufika ampea 20. Kwa hiyo betri iliyochoka itawasha taa na kupokea sauti siku nzima, ikudanganye kuwa ni nzima, mpaka dakika utakayotaka kuongea.

Piga hesabu kabla ya kununua

Usianze na paneli. Anza na matumizi. Tuchukue mfano wa kituo kidogo chenye redio moja ya VHF ya wati 25 na redio nne za mkononi.

1. Kusikiliza usiku, saa 12 mara ampea 0.5: ampea-saa 6.
2. Kuongea, jumla ya nusu saa mara ampea 5: ampea-saa 2.5.
3. Kuchaji redio nne za mkononi, kama wati-saa 20 kila moja pamoja na upotevu: wati-saa 80, sawa na ampea-saa 7 hivi.
4. Jumla: kama ampea-saa 15 kwa siku, yaani wati-saa 180.

Betri ya risasi isitumike chini ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Kwa hiyo siku moja inahitaji betri ya ampea-saa 30. Weka akiba ya siku ya pili yenye mawingu: ampea-saa 60 au 70.

Sasa paneli. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, jua la siku nzima ni sawa na saa 4 hadi 6 za jua kali. Chukua 5, kisha toa theluthi moja hivi kwa ajili ya joto, vumbi na upotevu wa nyaya. Paneli ya wati 50 itapungukiwa kidogo. Ya wati 100 itakupa nafasi ya kujaza betri baada ya siku mbili za masika. Nunua ya 100.

Vifaa usivyoweza kukwepa

- Kontrola ya chaji, kiboksi kinachoizuia paneli isiipe betri chaji bila kikomo. Kwa paneli moja ya wati 100, ya ampea 10 inatosha. Paneli nyingine za kukunja huja na kontrola ndani na nyingine hazina. Soma lebo ya nyuma. Ikiwa imeandikwa volti 18 au zaidi na hakuna kiboksi chochote kwenye waya, hesabu kwamba haina.
- Fyuzi mbili: moja kati ya betri na kontrola, nyingine kati ya betri na redio. Ziwekwe kwenye waya wa chanya, karibu na kichwa cha betri kadiri inavyowezekana. Kwa redio ya VHF ya wati 25, ampea 10 ndiyo kawaida. Fuata kitabu cha redio yako.
- Waya mnene. Kwa paneli hii, milimita za mraba 2.5 kwa umbali wa mita 5. Kwa redio ya HF, milimita za mraba 6 na waya uwe mfupi. Waya mwembamba hupata moto na kuiibia redio volti.
- Multimita. Hata ya bei ndogo. Bila multimita unabahatisha.
- Sanduku la betri la plastiki au mbao, lenye matundu juu ya kupitisha hewa.
- Miwani ya kukinga macho, glavu za mpira, na dumu la maji safi la lita 20 pembeni.

Kuhusu aina ya betri: betri ya gari ya N70 inapatikana kila mji, lakini imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ukiishusha kila usiku haitadumu. Tafuta betri ya sola ya kushuka kina. Ukimudu ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, ni nyepesi, inafaa kubebwa na hudumu miaka mingi zaidi, ila ni lazima iwe na ulinzi wake wa ndani na kontrola yenye mpangilio wa lithiamu.

NAMBA ZA KUBANDIKA UKUTANI (betri ya risasi, volti 12)

- Imepumzika saa kadhaa, imejaa: volti 12.6 hadi 12.8
- Imebaki nusu, acha kutumia: volti 12.2
- Imeisha: volti 11.8 au chini
- Inapochajiwa vizuri mchana: volti 14.4 hivi
- Imejaa, inashikiliwa tu: volti 13.5 hadi 13.8
- Ikivuka volti 15 ikiwa kwenye chaji: ifunike paneli, kuna hitilafu

Namba hizi hazifai kwa lithiamu. Betri hiyo hukaa kwenye volti 13 na kitu karibu muda wote, kisha huanguka ghafla.

Kuunganisha, hatua kwa hatua

Utaratibu huu si wa kupendezesha. Kontrola nyingi husoma volti za betri kwanza ili zijue zichaji vipi. Zikipokea jua kabla ya betri, zinaweza kuharibika au kupitisha volti za paneli hadi kwenye redio.

1. Vua pete, saa na bangili. Zima sigara. Fungua dirisha.
2. Funika paneli kwa kanga nzito au turubai, au ilaze kifudifudi. Paneli haina swichi. Ikiona mwanga, inazalisha.
3. Weka betri ndani ya sanduku, chini, mbali na jiko, magodoro na makuti.
4. Pima kwa multimita ujue chanya na hasi. Usiamini rangi ya waya wa mtu mwingine.
5. Unganisha nyaya za betri kwenye kontrola, fyuzi ikiwa bado haijawekwa. Kisha weka fyuzi. Kontrola iwake.
6. Chagua aina ya betri kwenye kontrola: ya maji, ya kufungwa, jeli au lithiamu.
7. Unganisha nyaya za paneli kwenye kontrola. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi.
8. Ondoa kitambaa. Pima volti za betri. Ziwe zinapanda taratibu.
9. Redio iungwe kwenye betri kupitia fyuzi yake. Tundu la matumizi la kontrola ndogo halihimili ampea nyingi za kuongea.

Kufungua ni kinyume chake: funika paneli, toa nyaya za paneli, kisha ndipo uguse betri. Kamwe usiondoe betri wakati paneli iko juani na redio imeunganishwa. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiiondoa, redio inaweza kupokea zote za paneli.

Kulipata jua

Uzuri wa paneli ya kubebeka ni kwamba unaweza kuigeuza. Chukua njiti ya kibiriti, isimamishe wima juu ya uso wa paneli. Ikiwa na kivuli kirefu, inamisha paneli kuelekea upande wa jua mpaka kivuli kipotee chini ya njiti. Hapo paneli inalitazama jua uso kwa uso. Fanya hivyo saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa nane, nawe utavuna kuliko jirani aliyeilaza chini tangu alfajiri.

Kwa Dar es Salaam, takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua la saa sita mchana mwezi Juni liko upande wa kaskazini kwa nyuzi 30 hivi. Desemba liko upande wa kusini kwa nyuzi 17 hivi. Kwa hiyo wakati wa kusi geuzia kaskazini. Kaskazi ikikolea, karibu ilale, ikiinama kidogo kusini.

Kivuli cha mlingoti au jani moja la mnazi kikikata seli chache, kinaweza kupunguza sehemu kubwa ya umeme wote, kwa sababu seli zimeungana kama shanga kwenye uzi mmoja. Joto nalo linapunguza: acha nafasi ya hewa nyuma ya paneli. Na ifunge kwa kamba. Paneli ya kukunja ni tanga. Upepo wa kusi utaibeba na kung'oa nyaya.

Pwani, chumvi ni adui. Futa paneli kwa maji baridi na kitambaa laini asubuhi ikiwa bado haijapata joto, na pake mafuta ya mgando kwenye vichwa vya betri baada ya kukaza. Paneli nyingi za kitambaa hustahimili manyunyu tu. Viboksi vyake vya plagi havipendi mvua.

Betri za redio za mkononi

Hizi ni za lithiamu, nyingi za volti 7.4, na zikijaa hufika 8.4. Hazivumilii makosa.

- Zichaji kwenye chaja yake tu, nayo ipate umeme kutoka kwenye betri kubwa kwa kiunganishi cha volti 12 kinachoendana nayo. Usiguse vichwa vyake kwa waya wa paneli hata kwa dakika moja.
- Zichaji kivulini. Joto likipita nyuzi 45 za Selsiasi hazipaswi kuchajiwa, na dashibodi ya gari au juu ya paneli hupita hapo mapema mchana.
- Iliyovimba, iliyopasuka au iliyozama kwenye maji ya chumvi haichajiwi tena.
- Usizichaji usiku kando ya kichwa chako au kwenye chumba wanacholala watoto.

Redio ikianza kunguruma

Ukisikia mkwaruzo mchana usiokuwepo usiku, hasa kwenye HF, mshuku kontrola. Funika paneli: kelele ikiisha, umempata. Isogeze kontrola mbali na redio na antena, sokota pamoja waya wa chanya na wa hasi, na uvishe pete za feraiti kwenye nyaya. Ukiwa unasubiri ujumbe dhaifu, funika paneli kwa muda uzungumze kwa betri peke yake. Hakuna hasara, betri imewekwa kwa kazi hiyo.

Radi ikikaribia, hasa ninyi mlio kando ya Ziwa Victoria ambako dhoruba hushuka haraka, funika na toa paneli, chomoa antena, na ukae mbali na nyaya.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

- *Kuruka kontrola kwa sababu "paneli ni ndogo."* Betri ndogo ya ampea-saa 7 inaharibiwa hata na paneli ya wati 20.
- *Kuweka waya mtupu au msumari badala ya fyuzi.* Fyuzi ikikatika imekuambia kitu. Tafuta shoti kwanza.
- *Kuongeza tindikali betri inapopungua.* Kinachopotea ni maji. Dukani watu huita vyote viwili "maji ya betri", kwa hiyo uliza: unataka maji yaliyokenekwa. Ya kisima na ya bomba yana chumvi. Hakikisha sahani zimefunikwa kabla ya kuchaji, na jaza hadi alama baada ya kuchaji.
- *Kuacha betri ikiwa tupu.* Baada ya siku chache chembe za salfeti huganda kwenye sahani na uwezo haurudi.
- *Kuunga betri mpya na kuukuu pamoja.* Kuukuu inaivuta mpya kaburini.

LIKITOKEA LA KUTOKEA

*Tindikali machoni:* osha kwa maji safi yanayotiririka, jicho likiwa wazi, dakika 20 bila kukatisha. Usiweke maziwa, mafuta wala dawa yoyote. Nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

*Tindikali kwenye ngozi au nguo:* vua nguo, mwaga maji mengi. Sakafuni, nyunyiza magadi ya kuokea mpaka povu likome, kisha osha.

*Betri inafuka au ni ya moto mno:* usiiguse wala usichomoe kitu kwenye vichwa vyake, cheche itawasha gesi. Funika paneli, toa watu, acha milango wazi.

*Betri ya lithiamu inawaka:* moshi wake ni sumu. Ikiwa ni ndogo ya mkononi, imwagie maji mengi ukiwa mbali, upande upepo unakotoka. Ikiwa ni kubwa, toka nje uite msaada.

Betri ikifa moja kwa moja

Usiipasue, usimwage tindikali shambani, wala usimpe mtu wa kuyeyusha risasi uani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha risasi za betri kuukuu, na sumu ikaingia kwenye damu ya watoto wao. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini humo iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fedha haiondoi risasi mwilini. Irudishe betri nzima kwa muuzaji anayepokea kuukuu, au kwa mkusanyaji mwenye kibali.

ORODHA YA IJUMAA

Katika madiko mengi ya pwani Ijumaa vyombo havitoki. Ifanye kuwa siku ya betri. Kama kwenu ni siku nyingine, chagua moja isibadilike.

☐ Alfajiri, kabla ya jua, pima betri. Iko juu ya volti 12.2?
☐ Ubavu umenyooka? Hakuna harufu, hakuna uvujaji?
☐ Maji yamefunika sahani (kwa betri ya maji)?
☐ Vichwa vimekazwa, havina ukungu, vimepakwa mafuta?
☐ Gusa nyaya na plagi mchana. Hakuna iliyo ya moto?
☐ Fyuzi ni za ampea sahihi, na za akiba zipo?
☐ Paneli imefutwa, haina ufa, na kamba ni imara?
☐ Jaribio la mdomo: nenda kwenye chaneli yenu ya kazi, iache chaneli 16 kwa wenye dharura. Weka nguvu ya juu, mwite mwenzako, na mwingine asome multimita kwenye nyaya zinazoingia redioni wakati unaongea.

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Volti zikibaki juu ya 12 unapoongea, uko salama. Zikianguka chini ya 11.5, pima tena kwenye vichwa vya betri: kama huko ziko juu, ubovu ni waya au kiungo kilicholegea, kama huko nako zimeanguka, betri imechoka, na inatakiwa ibadilishwe wiki hii.

Pale dikoni tulibadilisha betri, tukafunga kontrola na fyuzi mbili. Ijumaa iliyofuata mlinzi wa zamu alibonyeza kitufe, nami nikaishika multimita. Namba ilitikisika, ikasimama kwenye 12.3. Taa ya kijani haikuzimika. Kutoka upande wa pili wa mkondo mtu akaitika kwa jina lake.